Madam Naomi wa Lusaka

Mwanangu anaitwa Naima Mashaka. Nalitaja jina lake mwanzo kabisa kwa sababu kuna watu pale Goba mpaka leo wanamwita Naomi, na watakuapia kuwa ni Mzambia. Mie ndo mamake. Naitwa Tunu, Mzaramo wa Mwananyamala, sina nilikotoka na sina ninakokwenda. Marehemu babake alikuwa anauza samaki Feri mpaka Mungu alipomchukua, nikabaki na mwiko wangu. Nimepika misibani, nimepika kwenye kumbi za harusi, nimepikia mafundi wa ujenzi, na kwa mwiko huohuo Naima akasoma mpaka chuo kikuu. Akatoka na shahada ya ualimu, somo lake Kiingereza. Leseni ya ualimu nayo akaipata. Siku alipovaa lile joho nikasema haya, tumemaliza. Ujinga wangu.

Kwanza akaenda kujitolea. Mnaoishi mjini mnajua kujitolea maana yake nini. Unaingia darasani kama walioajiriwa, unasahihisha madaftari kama wao, halafu mwisho wa mwezi wao wanakwenda benki na wewe unapewa walichochanga wazazi. Mwezi ambao wazazi hawakuchanga unapewa asante. Naima alijitolea kwenye shule moja ya msingi Buguruni mpaka watoto aliowapokea darasa la tatu wakamaliza la saba. Usaili wa serikali kila ukitangazwa anakwenda, na suti ileile nyeusi, mie naipiga pasi. Watu ni wengi kuliko nafasi, hilo halina wa kulaumiwa. Anarudi ananiambia, "Mama, tusubiri." Tumesubiri mpaka neno lenyewe nikalichukia.

Akageukia shule za watu binafsi, hizi za Kiingereza zilizojaa huko pembezoni kila ukikata kona. Huko nako wakishasoma jina wanaguna. Mkuu wa shule mmoja alimwambia kweupe, dada, Kiingereza chako kizuri, sina ubishi, ila wazazi wanataka mwalimu wa nje. Awe Mganda, awe Mkenya, awe yeyote, alimradi wasimsikie akiongea kama wao. Naima aliponisimulia nilicheka kwa hasira. Mtoto kakeshea Kiingereza chao tangu yuko mdogo, kumbe tatizo si Kiingereza, tatizo ni kuzaliwa Mwananyamala.

Wakati huo mie nilikuwa napika kwenye shule moja hukohuko Goba, kule juu mlimani. Mwenye shule ni Madam Atuganile, Mnyakyusa, mwanamke mrefu anayetembea haraka. Sitamsingizia, hajawahi kunitukana hata siku moja. Lakini alikuwa na sheria zake mbili, na hizo ndo zilizonimaliza. Ya kwanza, mwalimu akishaingia getini haongei Kiswahili na mtu yeyote, awe mtoto, awe mwalimu mwenzake, awe mlinzi, awe sie wa jikoni. Akikutwa, kazi hana. Sie wa jikoni tulitakiwa kunyamaza tu, maana Kiingereza hatuna na Kiswahili hakitakiwi. Sheria ya pili, haajiri ndugu wawili. Aliwahi kuibiwa na mtu na shemejiye, basi toka hapo akaapa.

Mwalimu wao wa Kiingereza, Mganda, akaondoka katikati ya muhula. Mwalimu mkuu anaitwa Ferdinand, Mngoni wa Songea, mtu mpole, kila asubuhi anakuja jikoni mwenyewe kuchukua chai yake. Siku hiyo akaninong'oneza, maana hata yeye anaogopa sheria.

"Bi Tunu, tumekwama. Mwalimu wa Kiingereza tutampata wapi muda huu?"

"Kuna binti namjua," nikamwambia. "Kapanga nyumba ya jirani yangu. Kasoma huyo mpaka basi."

Nilisema hivyo huku nakoroga uji. Bahati yangu pale shuleni nilikuwa Bi Tunu. Mtaani kwetu hakuna anayenijua kwa jina hilo, mie ni Mama Naima kwa mkubwa na mdogo. Goba hakuna aliyewahi kuniita hivyo, kwa hiyo hapakuwa na wa kuunganisha.

Naima akaitwa, akapewa darasa afundishe huku Madam amekaa nyuma. Mie nilikuwa dirishani kwangu napepeta mchele, nasikiliza. Sikuelewa neno, lakini nilisikia watoto wanacheka, wanajibu, wanagombea kujibu. Nilijua hapo hapo kuwa kapata. Nikamwaga mchele kwa furaha, nikauokota punje kwa punje kabla Anastasia, mpishi mwenzangu, hajaniuliza nina nini.

Jioni Naima alirudi nyumbani uso umemshuka. Akakaa kwenye kigoda hata viatu hajavua.

"Wamenichukua," akasema. "Miezi mitatu ya matazamio. Nikipita, mkataba wa kudumu. Na Jumamosi watanipeleka Kinondoni kusomea cheti cha kimataifa cha kufundisha Kiingereza."

"Sasa mbona umenuna?"

"Wanataka niwe Mzambia, mama. Kwa wazazi niitwe Madam Naomi Phiri, wa Lusaka. Karatasi za serikali zitabaki na jina langu, wazazi hawazioni."

Kweli nilishtuka. Lakini nilikuwa nimechoka, jamani. Nimechoka kuipiga pasi ile suti. Nikamjibu, "Kwani Wazambia hawali? Si ukawe."

Akanitazama. Nikamwambia na lile jingine, la ndugu wawili. Kwamba pale ndani, ukiacha ule ujirani niliomtajia Ferdinand, mie simjui na yeye hanijui, mie mpishi, yeye mwalimu, basi. Hapo ndo macho yakamjaa maji.

"Nitakupitaje asubuhi bila kukuamkia?"

"Utaniamkia hapa nyumbani. Shikamoo moja kwa siku inanitosha."

Ni mie niliyeyasema hayo. Kwa mdomo wangu.

Basi maisha yakawa hivyo. Alfajiri Naima ananiamkia, naitika, tunakunywa chai, tunatoka. Tukishuka kituoni Goba yeye anatangulia, mie najifanya nafunga kanga mpaka apotee kwenye kona. Nikifika getini namkuta anaongea na watoto, na mie napita na kikapu changu. Ananiambia "good morning" kama anavyomwambia Fransis mlinzi, na macho yake yanapita juu ya kichwa changu. Mtoto huyo tangu ameanza kusema hajawahi kunipita asubuhi bila shikamoo. Hata tukiwa tumegombana. Hata kipindi kile cha usichana wake alipokuwa hanisemeshi siku nzima, shikamoo ilikuwa inatoka, ya kinyongo, lakini inatoka. Nilidhani nitazoea. Sikuzoea, nilikuwa naingia jikoni naanza kukaripia masufuria.

Anastasia ni Mmakonde wa Newala, mtu mzima mwenzangu, na mdomo hauna breki. Siku moja Naima amekuja kuchukua chakula cha mchana, amenyoosha kidole kwenye wali, kwenye maharage, akasema "thank you", akaondoka. Anastasia akasonya.

"Huyu Mzambia ana maringo. Kwao watu wazima hawaamkiwi?"

Nikasema, "Labda hakufundishwa kwao."

"Mamake atakuwa mtu wa ovyo."

"Atakuwa," nikasema.

Nikaendelea kuchambua mchicha. Nimelea mtoto peke yangu, nikamfunza adabu mpaka mtaa mzima unanisifia, halafu nakaa jikoni kwa mtu nakubali kuwa mie ni mtu wa ovyo. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikamgombeza Naima bure, eti kaacha ndoo wazi. Alikuwa anasoma vitabu vya hicho cheti cha Kinondoni, vya kumfundisha kufundisha, yeye aliyefundisha Buguruni miaka yote ile. Nikamuuliza, humo wanawafundisha nini ambacho hukijui? Akasema, "Hamna kitu, mama. Nasoma ili wanipe." Nikamwonea huruma nikaenda kumchemshia maji ya kuoga.

Matazamio yalikuwa yanaelekea ukingoni ilipofika siku ya wazazi. Maturubai yakafungwa uwanjani, wakakodi viti vyenye vitambaa, magari yakapangana mpaka barabarani. Sie tulipika tangu hakujapambazuka, pilau, kuku, kachumbari, na sufuria kubwa ya chai ya maziwa kwa ajili ya wageni. Naima alikuwa mbele na watoto wake wanaghani mashairi ya Kiingereza. Nilichungulia mara moja. Wazazi walikuwa wanapiga makofi, simu juu, mama mmoja wa mbele anamwambia mwenzie, "Unaona tofauti? Huyu wamemtoa Lusaka." Nikarudi jikoni nacheka peke yangu, na kicheko kilikuwa kichungu.

Tukaipua chai, mie upande huu, Anastasia upande ule. Kitambaa changu kilikuwa kimelowa. Moto ukapenya, vidole vikaachia bila kuniomba ruhusa, na sufuria ikanilalia. Mkono wa kulia wote, kuanzia kiwiko mpaka kwenye kucha. Sikumbuki nilipiga kelele gani, ila Anastasia anasema uwanja mzima ulinyamaza.

Wa kwanza kufika alikuwa Naima. Alikuja anakimbia, kipaza sauti bado kipo mkononi, kiatu kimoja kimemtoka. Nilikuwa chini, sakafuni, kwenye maziwa. Akasimama mlangoni akanitazama, na nikaiona midomo yake inafunguka, na nikajua linalokuja ni neno gani, maana mtoto akiogopa neno ni moja tu. Na nyuma ya bega lake nikamwona Madam Atuganile anakuja, na wazazi nyuma yake, na yule mama aliyekaa mbele.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nilikusanya nilichokuwa nacho chote.

"Madam Naomi," nikamwambia, "go. Go class."

Mdomo ukafunga. Akasimama pale muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko maumivu. Halafu akageuka, akawaambia wazazi maneno ya Kiingereza, ya kuwatuliza nadhani, kwa sauti nzuri kabisa, akawarudisha uwanjani. Madam akamwagiza Fransis atafute bodaboda. Anastasia ndo aliyenipakata mpaka zahanati, na njia nzima anasema, "Umeona yule? Hata pole hakukupa." Nililia. Yeye alidhani nalilia mkono.

Usiku ule Naima alinilisha uji kwa kijiko. Alinifuta mdomo, akanilaza, akakaa sakafuni kichwa kimeegemea kitanda changu mpaka nikasinzia. Asubuhi akaniamkia, akaenda kazini, maana ningefanyaje? Nilimwambia mwenyewe aende.

Kidonda kikaanza kukauka lakini vidole viwili vikabaki vimejikunja. Mwiko naushika unaanguka. Nikarudi shuleni hivyohivyo, nikidhani nitapewa hata kuosha vyombo, kuchambua mboga, kazi hazikosi jikoni. Mwalimu Ferdinand akanipokea getini, akaniambia Madam ananihitaji ofisini. Nilipoingia nilimkuta Naima mle ndani amekaa kwenye kiti, kalamu mkononi. Mezani mbele yake kuna mkataba, na pembeni cheti kimetiwa kwenye fremu ya kioo. Nilijua nimeingia siku yenyewe. Siku tuliyoisubiri miaka yote ile, mie ndo nimesimama mlangoni na mkono umefungwa bandeji.

"Pole sana Bi Tunu," Madam akasema. Akausogelea mkono wangu, akauangalia vizuri, akaniuliza kama vidole vinafunguka. Nikajaribu. Havikufunguka.

Halafu akamgeukia Naima, akamuuliza kitu kwa Kiingereza. Swali lilikuwa refu. Nilijua nasemwa mie, jicho lake lilikuwa linakuja kwangu linarudi. Ferdinand akainamisha kichwa. Naima aliitazama ile kalamu kama ndo anaiona leo.

"I don't know, Madam," akasema.

Hiyo niliielewa. Pale shuleni watoto wanaisema kutwa nzima, hata Anastasia anaijua. Mwanangu aliulizwa jambo juu yangu akajibu kuwa hajui.

Madam akashusha pumzi, akarudi kwenye Kiswahili. Akasema umri nao umesogea, mkono ndo huo, afadhali nikapumzike nyumbani. Akanipa bahasha, na mambo yakaishia hapo. Nilishukuru. Nikatoka, na nyuma yangu nikasikia karatasi inafunuliwa, ndo anasaini.

Magharibi Naima akarudi. Nilikuwa nimekaa barazani, Mama Tabu wa chumba cha pili kaja kunisongea ugali akaondoka. Naima akaniwekea ile fremu mapajani.

"Kesho kinarudi," akasema. "Kinatundikwa mapokezi, wazazi wakione. Nimekiomba tu nije nikuoneshe."

Kioo kilikuwa kizuri, kuna muhuri wa dhahabu. Mie herufi nazijua. Nikapitisha kidole taratibu kwenye jina. Naomi. Phiri. Nikatafuta Mashaka, juu nikatafuta, chini nikatafuta. Babake hayumo.

"Ukienda nacho shule nyingine?"

"Hakina kazi. Shule ndo waliniandikisha kwa jina hilo, kwingine kote mie ni Naima."

"Kwa hiyo huwezi kutoka pale."

"Siwezi kutoka na hiki."

Nikamrudishia. Sikutaka kukishika tena. Nikakaa kidogo, watu wanapita wanatusalimu, Mama Naima pole na mkono, naitikia. Walipokwisha kupita nikamuuliza nililokuwa nalo tangu asubuhi.

"Uliulizwa nini mle ofisini, ukajibu hujui?"

Akaanza kuifuta ile fremu. Nilidhani atanidanganya, na nilikuwa tayari kudanganywa, ningekubali lolote. Ila mtoto wangu hajui kunidanganya, nimemfunza hivyo.

"Kwa vile anajua sie majirani, aliuliza kama una mtoto wa kukutazama," akasema. "Alisema kama unaye, upumzike nyumbani. Kama huna mtu duniani, basi akubakize, uoshe vyombo."

Nikautazama mkono wangu.

"Nikisema unaye, ndo unaondoka," akaendelea, na sauti imeanza kukatika. "Nikisema huna, unabaki. Nilijua hivyo, mama. Nilitaka kusema huna. Lilikuja mpaka mdomoni. Sikuweza kulitamka mbele yako, hata kama hulielewi."

Mwingine angemkumbatia. Huenda hata mie, siku nyingine. Lakini nilikuwa na uchungu mwingi, na uchungu nao unatafuta mtu wa karibu.

"Ungesema sina," nikamwambia. "Miezi mitatu kila asubuhi pale getini umekuwa unalisema. Leo ndo likakushinda?"

Alichukua fremu yake akaingia ndani, nikamsikia analia kwa kujizuia, kama wanavyolia waliokua. Sikumfuata. Mkono ulikuwa unapwita, nikausingizia huo.

Alfajiri alivaa, akafunga cheti kwenye kanga yangu ya zamani kisivunjike, akaja mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mama."

Nilikuwa macho. Nilimsikia vizuri. Nikakaa kimya nione inavyokuwa, na yeye akakaa pale mlangoni, hakurudia na hakuondoka, mpaka nje kukaanza kupambazuka na akawa anachelewa kazi. Nikaitika marahaba nikiwa nimegeukia ukuta. Akaenda Goba kuwa Naomi.